Pua ya Shangazi na Kitabu cha Daktari

Shangazi yangu alianguka kutoka juu ya paa la tembe akiwa anaanika uwele. Akatua kwa kisogo, akazimia. Jambo lingeishia hapo kama tungekuwa watu wenye akili timamu. Lakini siku zile za Mwingereza tulikuwa na jumbe, tulikuwa na karani wa baraza, tulikuwa na daktari mwenye kitabu kinene, na mbaya zaidi tulikuwa na mimi, dresa wa hospitali, kijana wa miaka ishirini na miwili niliyevaa kaptura nyeupe iliyonyooshwa pasi, nikidhani kwamba kujua kufunga bendeji na kuitikia kwa Kiingereza ndiyo elimu yenyewe.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na aliishi Mtinko. Watu walimjua kwa pombe yake ya mtama. Hakuwa na kipimo chochote. Aliinama juu ya mtungi, akavuta pumzi mara moja, akasema, "Kesho mchana," na kesho mchana ikawa tayari. Au alisema, "Hii imeshapita, mwageni," nayo ikamwagwa bila mtu kubisha. Kimea cha jirani akikinusa alijua kama kililowekwa siku moja zaidi. Sikumwona hata siku moja akionja.

Siku aliyoanguka, wanawake wenzake walimbeba hadi ndani. Aliamka jua likiwa bado juu, akamtambua kila mtu, akauliza kama kuku wamevamia uwele. Kwa siku mbili maji meupe yalimchuruzika puani kama mtu mwenye mafua, ila hayakuwa na kamasi hata kidogo. Yakakoma. Watu wakamshukuru Mungu, wakaenda zao.

Lililobaki hakuna aliyeliona. Ladha ya chakula ilimpotea mdomoni. Alimwambia mtu mmoja tu, jirani yake, mjane mwembamba asiyesema sana.

"Nyama imekuwa kama kutafuna mkanda," alimwambia. "Chumvi naijua. Pilipili naijua. Mengine yote hayapo."

Jirani akamwambia labda ni homa. Shangazi akakubali kwamba labda ni homa, akaendelea kupika pombe kwa kuhesabu siku, kwa kutazama povu, na kwa kuweka sikio karibu na mtungi asikie unavyochemka. Kwa miezi kadhaa ilitosha.

Kisha likaja debe. Alilipata kwa mwenye duka ili achotee maji, na debe hilo lilikuwa limewekwa mafuta ya taa. Mtu yeyote angelijua akiwa hatua tatu kutoka mlangoni. Shangazi aliliosha kidogo kama mtu anavyoosha chombo kipya, akachota maji, akapika. Na kwa kuwa ilikuwa kazi ya kuitana, watu wanakuja kupura mtama na kulipwa pombe, kibuyu cha kwanza kilipelekwa kwa jumbe kama ilivyokuwa desturi.

Jumbe wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mdogo aliyepewa kofia kubwa na serikali. Alikuwa na tabia ya kunywa kibuyu chote bila kupumua, ili watu waone kifua chake. Siku hiyo alikuwa na mgeni, karani wa baraza, kwa hiyo alikunywa kwa fahari zaidi. Mafuta ya taa yalifika tumboni kabla ya kufika puani. Alitapika mbele ya karani, juu ya viatu vya karani, na huo kwa kweli ndio uliokuwa uzito wa kesi. Angetapika peke yake nyuma ya zizi, shangazi asingeitwa popote.

Alishtakiwa kutaka kumwekea jumbe sumu.

"Sikusikia harufu," alisema barazani.

Wazee walicheka hadi wakafuta macho. Mpika pombe asiyesikia harufu! Mmoja akauliza kama kuna mhunzi asiyeona moto. Jirani yake alisimama aseme jambo, akaambiwa akae, kwani hakuitwa. Karani, ambaye alikuwa haamini kitu chochote mpaka kiandikwe, akashauri mshtakiwa apelekwe kwa daktari, daktari aipime pua yake na kuleta barua. Wazee walifurahi. Wangepata hukumu bila kuumiza kichwa.

Basi shangazi akaletwa hospitalini kwetu na tarishi wa jumbe. Jina la hospitali naliacha. Waliokuwapo wanaijua.

Daktari wetu alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye shingo nyekundu, na alikuwa na koleo la shaba la kupimia mapaji ya nyuso. Alipima kila mgonjwa. Mtu alikuja na jipu la makalioni, akapimwa paji la uso. Mama alikuja kujifungua, akapimwa paji la uso. Namba ziliandikwa katika daftari jekundu, na jipu likasubiri.

Jumamosi asubuhi alitufundisha madresa. Alichora ubongo ubaoni, na sina budi kusema kwamba alichora vizuri. Ubongo wa mbele, alisema, ndio sehemu kubwa kuliko zote. Una nusu mbili zilizounganishwa katikati. Ya kulia inaamuru mkono wa kushoto, ya kushoto inaamuru mkono wa kulia. Juu kuna gamba lenye mikunjo mingi. Upande wa kisogoni mtu anaonea, pembeni juu ya masikio anasikilizia na kukumbuka, na mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, ndipo anapopangia ya kesho na kujizuia asifanye upuuzi. Chini katikati kuna vitu viwili kama mayai ya njiwa, na habari za macho, masikio na ngozi hupitia hapo kabla ya kupanda juu. Chini yake tena kuna kipande kidogo kama punje ya haragwe, nacho husimamia njaa, kiu na joto la mwili. Nilipenda sana somo hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba kiu ina mahali pake.

Kisha aliharibu. Akasema kwetu sisi sehemu ya mbele ni ndogo, ndiyo sababu hatuwezi kupanga ya kesho. Aliyasema hayo kwa vijana waliokulia katika nchi ambayo mvua ikikosa, mtu asiyekuwa na ghala la mtama wa mwaka juzi huzika watoto. Na yeye mwenyewe kila baada ya miezi michache aliishiwa kwinini kwa sababu alisahau kuandika oda, tukawa tunawarudisha wagonjwa wenye homa makwao. Tuliandika katika madaftari yetu. Mimi nilipiga mstari chini ya maneno yale, kwa wino.

Shangazi alipoingia nilimwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kukukuta wewe," alisema. "Utawaeleza."

Daktari alimpima paji la uso kwanza. Kisha akaniambia nichukue chupa kabatini. Ilikuwa amonia. Akamfunga macho shangazi kwa kitambaa, akaniashiria niishike chupa chini ya pua yake na kuifungua.

Shangazi aliruka nyuma kana kwamba amepigwa kofi. Machozi yakamtoka chini ya kitambaa.

Daktari alipenda kutumia Kiswahili chake mwenyewe mahali ambapo kingemfaa. Akauliza, "Wewe nasikia?"

"Nasikia," shangazi akajibu, kwa maana kwa Kiswahili chetu mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa, na husikia maumivu, yote kwa neno moja. Kisha akanigeukia upande niliokuwapo, akasema kwa Kinyaturu, kwa haraka, "Mwambie inanichoma. Haina harufu. Inachoma tu, kama pilipili machoni."

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Nimeyafikiria mara nyingi maneno niliyosema. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimeshika chupa kali, macho yangu yenyewe yananiwasha, daktari ameshachukua kalamu, nami nilitaka kuonekana mwepesi. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema ni kali sana, bwana."

Daktari akacheka. "Pua hii haina ugonjwa hata kidogo," alisema, akaandika.

Barua ilisomwa barazani na karani, aliyesimama kuiheshimu. Pua nzima. Mwanamke ni mwongo. Shangazi alikatazwa kupika pombe, akaamriwa kupiga magoti mbele ya jumbe, na kutwanga na kusaga nyumbani kwa jumbe hadi mavuno yote yaingie ghalani. Alipiga magoti. Niliambiwa kwamba alikaa chini hapo muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, akimtazama jumbe usoni, hadi jumbe mwenyewe akasema, "Basi, basi, inuka."

Mimi sikuwapo. Nilikuwa kazini nikipiga pasi.

Zilipita wiki tatu hivi. Jumamosi moja daktari alileta kichwa cha kondoo kutoka kwa mchinjaji, ili tuone kwa macho yale aliyokuwa akiyachora. Nilipewa kazi ya kuutoa ubongo mzima baada ya fuvu kukatwa kwa msumeno. Niliingiza vidole mbele, chini yake, nikauinua taratibu. Haukutaka kutoka. Nikavuta kidogo. Nikasikia vitu vidogo vikikatika chini ya vidole, kama nyuzi za mshono wa zamani.

Nilipougeuza, niliona chini ya ubongo wa mbele vitu viwili laini, vyeupe, kama vichwa vya njiti za kiberiti ila vikubwa zaidi. Na pale vilipokuwa vimelala, juu ya tundu la pua, mfupa ulikuwa umetobolewa vitundu vidogo vingi kama chekeche. Nyuzi nilizozikata zilikuwa zikipita mle.

"Hizi ni nini, bwana?" nikauliza.

"Za kunusia," daktari akasema. "Za kondoo ni kubwa kwa sababu kondoo anaishi kwa pua." Kisha akaondoka kwenda kunywa chai.

Nilibaki na ubongo mkononi. Nilimwona shangazi akianguka kwa kisogo, ubongo ukisukumwa mbele na kurudi ndani ya fuvu kama maji ndani ya mtungi unaobebwa vibaya, na zile nyuzi zikikatika zote. Yale maji meupe ya puani nayo yakapata maana. Sikuwa nimesoma hayo popote. Mtu aliyewahi kung'oa mche wa mtama akasikia mizizi ikikatika angeyaelewa.

Kitabu kinene kilikuwa mezani. Nilikifungua bila ruhusa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuchechemea, kwa hiyo nilisoma ukurasa mmoja kwa siku tatu, nikiiba dakika wakati daktari yuko wodini. Na humo, katika kitabu chake mwenyewe alichokibeba kutoka kwao, iliandikwa waziwazi kwamba harufu peke yake ndiyo isiyopitia kwanza katika yale mayai ya njiwa kama habari nyingine, bali huenda moja kwa moja katika ubongo wa mbele. Kwamba pigo la kisogoni laweza kuzikata nyuzi zake. Na kwamba anayepima pua asitumie amonia, kwa sababu amonia haipimi harufu. Huchoma, na kuchomwa husafiri kwa mshipa mwingine kabisa, ule unaobeba maumivu ya uso. Asiyesikia harufu ataruka vilevile. Anayepaswa kushukiwa uongo ni yule asiyeruka.

Yaani shangazi yangu alikuwa amejibu kama kitabu. Daktari ndiye aliyekuwa hajakisoma.

Nilimpelekea ukurasa ukiwa wazi. Aliusoma. Nikaona ule wekundu wa shingoni ukipanda hadi masikioni.

"Nani amekuruhusu kugusa kitabu hiki?"

"Hakuna, bwana. Lakini mama yule alisema inamchoma. Mimi sikutafsiri sawasawa. Barua ibadilishwe."

"Barua imeshakwenda," alisema. "Serikali haiandiki barua mbili kuhusu pua ya mwanamke mmoja."

"Lakini bwana, anatwanga kwa jumbe."

"Kutwanga hakujaua mtu." Akakifunga kitabu, akakiweka kabatini, akafunga kwa ufunguo. Kuanzia siku hiyo nilipewa kazi ya kumwaga dawa vyooni, na mkalimani akawa mwingine. Sijawahi kuona mtu akiitumia ile sehemu ya nyuma ya paji la uso, ya kujizuia na kupanga, kwa uhodari kama alivyoitumia daktari kukifunga kitabu kile.

Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Mtinko kwa miguu. Nilimkuta shangazi uani kwa jumbe, amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Nilimwamkia. Hakuacha kusaga. Nilimweleza yote: kondoo, nyuzi, kitabu, amonia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo si homa," alisema.

"Si homa, shangazi."

"Na haitarudi?"

"Kitabu kinasema mara chache sana."

Akasukuma unga pembeni kwa kiganja. "Pale hospitalini nilikwambia inachoma."

"Uliniambia."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia nilivyosema. Alinitazama kuanzia viatu hadi kola. Nilikuwa nimevaa nguo nyeupe, mjinga mimi, nikidhani zingenisaidia kwa jumbe.

"Neno moja," alisema. "Nilikupa neno moja ulibebe kutoka hapa hadi pale, hatua mbili, ukaliangusha. Haya. Twende ukaliokote mbele yao."

Tulikwenda barazani siku iliyofuata. Nilisimama nikasema kwamba nilitafsiri vibaya, kwamba chupa ile haikuwa kipimo, kwamba nyuzi zake zimekatika. Wazee wanajua kichwa cha kondoo kuliko daktari yeyote. Wamekipasua tangu utoto. Nilipotaja lile chekeche la mfupa, wawili waliitikia kwa vichwa. Lakini karani akainua barua. Ilikuwa na muhuri.

"Wewe una muhuri?" aliniuliza.

Sikuwa nao.

Ndipo yule jirani aliposimama tena. Safari hii hakungoja kuruhusiwa. Alisema kwamba miezi kabla ya kesi, panya alikufa nyuma ya jiwe la kusagia la shangazi. Harufu ilimfikia yeye nyumbani kwake. Alikuja kumwambia, akamkuta shangazi ameinama juu ya jiwe, panya yuko karibu na goti lake, amevimba, na shangazi anasaga akiimba. Jirani aliondoka bila kumwambia. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Shangazi alikuwa anakula ugali pale pale.

"Hakuna aliyekuwa anamtazama," jirani alisema. "Alikuwa anamdanganya nani? Panya?"

Watu hawakucheka. Mmoja wa wazee alimwuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza.

"Nilisimama," alisema. "Mkaniambia nikae."

Basi hapo mtu angetegemea haki itendeke. Jumbe alikohoa, akavua kofia, akaivaa. Karani akamnong'oneza kwamba barua ya daktari haifutwi na panya. Wakashauriana kwa muda mrefu kwa ajili ya jambo ambalo mtoto wa chekechea angeliamua, kisha jumbe akatangaza kwamba kwa kuwa mavuno yamekaribia kuisha, na kwa kuwa yeye ana moyo wa huruma, mama huyu anasamehewa siku zilizobaki. Anasamehewa! Hukumu haikufutwa. Katika karatasi za baraza lile, kama mchwa hawajazila, shangazi yangu bado ni mwongo mwenye pua nzima.

Alirudi nyumbani, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anapika tena, bila kumwuliza mtu. Jirani ndiye aliyekuwa pua. Shangazi alimfundisha kama tunavyofundishana kazi yoyote ngumu: alimwinamisha juu ya mtungi, akamwuliza, "Inanukaje?" Jirani akasema, "Kama tunda lililolala." "Bado." Kesho yake jirani akasema, "Kama mkate." "Sasa." Wanawake wawili, mmoja ana kumbukumbu ya harufu zote bila pua, mwingine ana pua bila ujuzi. Pombe ikawa ile ile. Jumbe alikuwa mtu wa pili kuja kuinywa, na nilisikia kwamba sasa alikuwa anainusa kwanza.

Daktari alikwenda likizo kwao na daftari lake jekundu, hakurudi. Tuliambiwa amesoma mbele ya wakubwa wenzake namba za mapaji yetu na wakampigia makofi. Sishangai. Mimi nilibaki hospitalini miaka mingi, nikapanda cheo, nikafundisha madresa wengine. Nilifundisha ubongo wa mbele vilevile alivyouchora yule, kwa maana mchoro ulikuwa sahihi, nikaacha ule uchafu wake mwishoni. Na kila mwaka niliwaambia kwamba mgonjwa akisema maneno matano, wao wabebe matano.

Mara moja nilimtembelea shangazi mwanzoni mwa mvua. Ilikuwa alasiri. Ardhi ilikuwa imekauka miezi saba, na matone ya kwanza yalipoigonga, kila mtu alitoka nje kama tunavyofanya siku zote, tukasimama tunavuta pumzi. Shangazi alitoka pia. Alisimama ameinua uso, pua wazi, kama wenzake. Kisha akanigeukia.

"Inanukaje?" aliuliza. "Nimeanza kuisahau."

Nilifungua mdomo. Nilijua jina la zile nyuzi kwa Kiingereza na kwa Kilatini. Nilijua zinapita wapi na zinafikia wapi. Nikasema inanuka kama udongo. Kisha nikasema inanuka kama mvua.

Shangazi alijipangusa matone usoni.

"Na miaka yote hiyo ya shule," alisema, akaenda kumwuliza jirani.